UTI inarudi kila mara: usikimbilie sindano

Pole sana dada wa Igoma, Mwanza, uliyeniandikia. Unasema duka la dawa walikupa sipro (antibayotiki ya vidonge, siprofloksasini) za siku tatu, mkojo ukaanza tena kuchoma kama moto baada ya wiki, na sasa wanataka wakuchome seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Ngoja kwanza.

Sipro imetumika hovyo mno hapa kwetu, wadudu wengi wa mkojo wameizoea. Kwa mwanamke asiye na mimba, asiye na homa wala maumivu ya ubavuni, nitrofurantoini, antibayotiki ya kumeza, kwa siku tano ndiyo ningeanza nayo. Inajikusanya kwenye kibofu, haifiki vizuri kwenye figo. Kwa hiyo ukitetemeka kwa homa, ukitapika, au kiuno kikiuma upande mmoja, hiyo siyo dawa yako. Nenda hospitali leo leo. Seftriaksoni ni ya hali hizo, siyo ya mkojo unaowasha tu.

Lakini kwa kuwa imerudi, omba mkojo uoteshwe, yaani maabara wakuze wadudu waone ni wapi na dawa gani inawaua, kabla ya kumeza dawa yoyote. Jisafishe, mwaga ule wa mwanzo, kinga wa katikati kwenye kikopo safi, ukipeleke maabara haraka. Kikikaa kwenye daladala saa mbili jibu linaharibika. Kama una mimba, au figo zina shida, sema mapema, maana dawa hubadilika.

Umegusia damu kidogo kwenye mkojo. Ulikulia Misungwi au Kwimba, ukicheza kwenye majaruba ya mpunga? Basi wapime na kichocho. Hicho hutibiwa kwa prazikwanteli, na antibayotiki hata umeze kopo zima hakishtuki.