Springi ya gari inapimwaje?

SWALI: Springi moja ya nyuma ya gari langu imekatika, barabara zetu za mawe ya volkano hazina huruma. Namba ya kipuri imefutika, na muuzaji wa Kampala anataka vipimo. Mara ya kwanza nilipima kwa utepe tu, akaniletea ngumu kama gogo. Nipime nini hasa?
– Msomaji, Birere, Goma

JIBU: Ndugu, anza na unene wa waya, na hapo utepe haufai kabisa. Tumia kalipa au maikromita. Ugumu wa springi hufuata unene huo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo kosa dogo hukua haraka. Springi ya chuma yenye waya wa milimita 12, kipenyo cha nje milimita 120 na mizunguko 6 inayofanya kazi huhitaji nguvu ya nyutoni 27 hivi ili ishuke milimita 1. Pima juu ya rangi upate 12.5, na hesabu inaruka hadi 32. Huenda ndicho kilichokupata.

Kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Palipoliwa na kutu paache, maana hapo waya utaonekana mwembamba kuliko ulivyokuwa. Pima sehemu tatu, kila moja mara mbili kwa pande zinazokingamana, kwani waya ukikunjwa hupoteza uduara kidogo.

Kipenyo cha nje kipime katikati na karibu na ncha zote mbili. Springi nyingine zina umbo la pipa. Ukitoa unene wa waya mmoja, unapata kipenyo cha wastani kinachoingia kwenye hesabu.

Kuhesabu mizunguko ndiko kunakowapotosha wengi. Tia chaki kwenye ncha ya waya, shuka kwa mstari ulionyooka, na robo usiiache. Mzunguko wa mwisho uliolalia mwenzake haufanyi kazi: utoe kwenye hesabu, upande wa juu na wa chini.

Urefu upime kwenye springi nzima ya upande wa pili, ikiwa imetolewa garini. Mwambie muuzaji kuwa imetumika, kwa sababu huenda imelegea na kufupika. Kama imevishwa kwenye shokomzoba, ibane kwanza kwa vibano vyake ndipo ufungue nati ya juu. Vinginevyo itaruka na kuumiza.

Ongeza picha ya ncha zote mbili, na uagize springi mbili, kulia na kushoto.