Rangi Iliyobaki Haimwagwi

Ukishamaliza kupaka nyumba, hukosi kopo moja au mawili yenye rangi ya kubaki. Yanasukumwa stoo, yanasahaulika, na siku ya kuhama ndipo watu wanaanza kuulizana yaende wapi. Wengi huyamwaga mtaroni au chooni, jambo ambalo silikubali hata kidogo. Mimi hupaka nyumba yangu mwenyewe na kanuni yangu ni moja: rangi haimwagwi, wala haiendi kwenye taka za nyumbani ikiwa bado majimaji.

Jua kwanza una rangi gani. Kopo likisema brashi ioshwe kwa maji, hiyo ni rangi ya maji. Likitaja thina au tapentaini, ni rangi ya mafuta, na hiyo ina mambo yake.

Tuanze na ya maji. Fungua, koroga. Ikinuka uvundo, au mabonge yakikataa kuvunjika, basi imekufa. Ikikoroga vizuri bado ni mali. Mpe jirani mwenye ukuta mdogo, au changanya mabaki yako ya rangi za maji, uyachuje kwa kitambaa chepesi, upate rangi ya kupaka mkono wa kwanza. Usitegemee urembo, mara nyingi hutoka kijivu cha ajabu ajabu, lakini chini ya rangi nyingine nani atakiona?

Iliyokufa ikaushe. Watu huacha kopo wazi juani wakidhani inatosha. Juu inafanya utando mgumu, chini inabaki mbichi kwa miezi. Tia mchanga mkavu au vumbi la mbao, koroga mpaka iwe nzito kama ugali, kisha uiache wazi mahali penye hewa, mbali na watoto na mifugo. Kama ni nyingi, itandaze kidogo kidogo kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Choma kwa kijiti: kikitoka kikavu, imekuwa tayari. Sehemu nyingi huruhusu kuitupa hivyo pamoja na taka za nyumbani, ila waulize wanaozoa taka kwenu. Kopo liache bila kifuniko, waone wenyewe kwamba ndani ni pakavu.

Rangi ya mafuta usiikaushe hivyo, na usiichome moto. Inashika moto upesi na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Ikimwagwa kwenye shimo la maji taka, vimumunyisho vyake, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi kama thina, huua bakteria wanaosaga uchafu humo. Kama bado nzuri, fundi yeyote ataipokea kwa furaha. Kama imeharibika, funga kopo vizuri na uipeleke panapopokelewa taka hatarishi. Thina uliyooshea brashi usiimwage: iache itulie kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, rangi itazama, na ile safi ya juu utaitumia tena. Tope la chini liende na taka hatarishi.

Halafu kuna matambara. Yenye mafuta ya kitani (yale ya kupakia mbao) au rangi ya mafuta yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kujipasha joto na kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje, moja moja, yakauke.

Makopo ya miongo mingi iliyopita mimi siyagusi, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Hayo nayo ni taka hatarishi, moja kwa moja.

Na ndoo tupu ya rangi, hata ioshwe vipi, isiwekwe maji ya kunywa.

Ukitaka mabaki yapungue, pima ukuta kabla ya kununua: lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, ingawa ukuta mbichi wa plasta hunywa zaidi. Kinachobaki cha kuzibia madoa kihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa karibu hadi juu, ukifunge barabara, uandike chumba na tarehe.