Maswali na majibu: Umetubu, fedha za watu ziko wapi?

Maswali ya safari hii karibu yote yanaulizwa na watu wanaoomba sana. Nimeyachagua kwa makusudi, kwa sababu mengi yanasubiri maombi yafanye kazi ambayo Mungu amempa muulizaji aifanye mwenyewe.

Mwalimu, nimefunga na kuomba mwaka mzima Mungu aniondolee hasira. Bado nikirudi kazini nawafokea watoto, na wakati mwingine nawachapa kwa kosa dogo. Je, ni roho ya hasira? (Mama wa watatu, Dodoma)

Mama, kabla hujatafuta pepo, tazama saa. Umeandika mwenyewe kwamba yanakupata ukirudi kazini. Saa hiyo una njaa, miguu inauma kwa kusimama kwenye daladala, na nyumba umeikuta shaghalabaghala. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila unapofoka: ilikuwa saa ngapi, ulikula lini mara ya mwisho, neno gani lilikutoka. Sala usiandike humo, andika matukio. Watu wengi wakifanya hivi hukuta ni saa ileile na jambo lilelile, mathalani sare za shule zilizotupwa sebuleni. Anza na hilo moja. Anayejaribu kuacha hasira zote kwa mpigo huchoka kabla ya Ijumaa.

Kula kitu kabla ya kupanda gari, hata ndizi mbili. Ukifika, kaa dakika kumi kabla ya kuuliza lolote kuhusu usafi au kazi za shule. Kisha weka sheria nyumbani: hakuna adhabu kabla ya chakula cha usiku. Adhabu ya haki itakuwa bado ya haki saa mbili usiku; iliyotoka kwenye hasira itakuwa imekwisha yenyewe.

Ukianguka, na utaanguka, mwombe mtoto msamaha siku hiyohiyo kwa kutaja tendo: "Nimekuita mjinga. Nimekosa. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe", maana hapo umefuta yote uliyotangulia kusema. Na ninyi mlioacha kufoka mkaanza kununa siku tatu, hasira mnayo bado. Paulo aliwaambia Waefeso jua lisichwe na uchungu haujawatoka. Kwenu limekuchwa mara tatu.

Endelea kuomba, mama. Ila soma na 2 Petro 1:5, "mkijitahidi sana kwa upande wenu".

Kuna maombi maalumu ya kupata unyenyekevu?

Osha vyombo vya wenzako wiki nzima na usimwambie mtu. Soma Yohana 13, Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Nilichukua kidogo kidogo hadi kama 400,000, na hakuna aliyegundua. Sasa nimeokoka na Mungu amenisamehe. Je, kuna haja ya kufukua ya zamani, au nitoe tu sadaka ya shukrani kanisani?

Sadaka ya fedha za wanakikoba? Hapana. Fedha hizo zina wenyewe, na wenyewe unawajua kwa majina.

Hakuna ya zamani hapa. Kila mwaka mnapogawana, kila mwanachama anapokea pungufu, na deni ni lako hadi leo. Walawi 6 inaeleza wazi: mwenye kosa la namna hii arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano. Kwako ni 400,000 na 80,000, jumla 480,000. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, alikwenda mbali zaidi, akasema atarudisha mara nne. Angalia kwamba alitaja kiwango, tena mbele ya watu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliutambua kwa jambo hili hasa: waliookoka walirudisha mali walizoiba. Siku hizi tunapiga makofi ushuhuda ukitolewa, na hatuulizi fedha ziko wapi.

Kaa na daftari la kikoba, uandike kila kiasi unachokumbuka na mwezi wake. Penye shaka, kadiria kwa kwenda juu. Kisha waendee mwenyekiti na katibu wote wawili kwa pamoja. Ukimwambia mmoja peke yake, unamtwika siri, au unampa fimbo ya kukuchapia baadaye. Sema kiasi, sema ulivyofanya, na uende na fungu la kwanza mkononi. Kama huna yote, pendekeza 80,000 kila mwezi kwa miezi sita, iandikwe na isainiwe. Usikope kwa riba ili ulipe kwa mkupuo. Wengi wamefanya hivyo wakajikuta wanaiba tena ili kuulipa mkopo.

Usitume fedha kwa siri kwenye simu ya kikoba. Hesabu za nyuma zitabaki na uongo, na kama kuna mwenzako aliyewahi kushukiwa, ataendelea kushukiwa kwa kosa lako. Usiombe wakufichie. Wakikuvua uongozi, wakikutoa, hata wakienda kwenye vyombo vya sheria, ni haki yao. Ushuhuda kanisani usubiri hadi fungu la mwisho.

Na vikoba vyenyewe vinisikie. Sanduku huwekwa kufuli tatu ili watu watatu tofauti wawepo kila linapofunguliwa. Mkimwachia mweka hazina funguo zote kwa kuwa "ni mpendwa, anamcha Mungu", mmemtia majaribuni.

Kusema "niko njiani" wakati bado niko nyumbani ni dhambi kweli, au ni lugha tu ya mjini?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila muulizaji anajua jibu. Ni uongo. Sema, "Sijatoka, nitafika saa tano." Atakasirika mara moja, na kuanzia hapo atakuamini. Anayeshindwa kusema kweli ya nusu saa hataiweza ya shilingi milioni.

Nimemsamehe shemeji aliyenidhulumu, ila sitaki kumkopesha tena. Wapendwa wanasema sijasamehe.

Wamekosea. Kusamehe ni kuacha kulipiza na kuacha kumtakia mabaya. Kumwamini na fedha ni jambo jingine, na hurudi polepole kwa matendo yake. Jipime hivi: jina lake likitajwa mezani, je, unaanza kusimulia upya? Kama unasimulia, bado. Kama unaweza kumsalimia, kula naye na kumwombea mema, umesamehe, hata kama mfuko umeufunga.

Hapa niwaonye wazee wa kanisa, ingawa hamkuniuliza. Msimrudishe mwanamke kwa mume anayempiga kwa kisingizio cha msamaha. Msindikizeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mumtafutie pa kulala usiku huo. Msamaha wake atautoa akiwa salama.

Kwenye jumuiya yetu tunataja shida za watu ili tuwaombee. Mmoja amelalamika kwamba tunasengenya. Ni kweli?

Kama hakuwapa ruhusa, ni kweli. Mkitaka kumwombea mtu, tajeni jina na hitaji: "Tumwombee fulani, ndoa yake." Nani alionekana na nani, wapi, saa ngapi, Mungu anayajua tayari, mnaambiana ninyi. Mwenye habari za kosa la ndugu ameelekezwa na Mathayo 18:15 amwendee wakiwa wawili peke yao. Na maombi ya sauti yaliyorekodiwa kwenye kundi la WhatsApp yafuteni leo, maana yanasambaa.

Nimeahidi 200,000 za ujenzi wa kanisa, na harambee ni Jumapili hii. Dada wa kazi ananidai mshahara wa mwezi mmoja. Kipi kitangulie?

Mshahara. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mfanyakazi maskini alipwe kabla jua halijachwa, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Mlipe kabla ya Jumapili, na umwombe radhi kwa kuchelewesha. Kisha umwambie mhazini wa ujenzi kwamba ahadi yako itakuja mwezi ujao, au utoe 50,000 ikiwa ndiyo iliyobaki. Jina lako lisiposomwa kwenye harambee, liache lisisomwe.