Binamu wa Upande Gani? Majibu kwa Wasomaji wa Riwaya za Kiingereza

Mwalimu, shikamoo. Katika Mansfield Park, Fanny anaolewaje na binamu yake Edmund, na kanisa lipo?

Marahaba. Edmund mwenyewe ni kasisi! Kanisa la Uingereza halikukataza binamu kuoana. Hata Malkia Victoria, mwaka 1840, aliolewa na Albert, mtoto wa mjomba wake. Ila mmezoea kuandika "binamu" mkaishia hapo. Binamu wa upande gani? Fanny na Edmund ni watoto wa dada wawili. Kwa makabila mengi ya bara hao ni kaka na dada, mwiko kabisa. Pwani wangepikiwa pilau. Na Sir Thomas, baba yake Edmund, aliliona mapema: kabla Fanny hajaletwa nyumbani kwake aliogopa watoto wasije wakapendana. Bi Norris, dada mkubwa wa mama zao, akamtuliza kwamba wakilelewa pamoja haiwezekani. Mama wakubwa wa namna hiyo msiwasikilize.

Katika Wuthering Heights, Heathcliff na Catherine ni ndugu wa damu?

Mara ya nne hii. Heathcliff aliokotwa Liverpool akiwa mtoto. Kitabu hakisemi zaidi.

Cathy mdogo, binti wa Catherine, alimwacha binamu mmoja akamfuata mwingine?

Hakumwacha, Linton alikufa. Huyo ni mtoto wa shangazi yake. Hareton, anayekaribia kumuoa riwaya inapoisha, ni mtoto wa mjomba. Hapo ndipo binamu nyama ya hamu. Lakini ndoa ya kwanza ilikuwa ya kulazimishwa: Heathcliff alimfungia binti ndani, maana alitaka shamba lote la akina Linton. Ukisoma ndoa za vitabu hivi, uliza kwanza nani anarithi nyumba. Bw. Collins wa Pride and Prejudice asingekuwa mrithi wa nyumba ya Longbourn, nani angemvumilia hata kwa chai?

Kama binamu ruksa, shemeji je?

Kichekesho ni hicho. Mgane hakuruhusiwa kumuoa dada wa marehemu mkewe hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1907. Damu moja sawa, shemeji haramu!

Naomba muhtasari wa Jude the Obscure, mtihani kesho.

Soma.

Jane Eyre alimkataa St John kwa sababu ya undugu?

Hapana. St John, mtoto wa shangazi yake, alitaka mke wa kazi ya umisionari India, si mpenzi. Jane alikubali kwenda naye kama dada, akakataliwa. Undugu wenyewe aliutamani mno: urithi wake wa pauni 20,000 aliugawa mafungu manne, akawapa St John, Diana na Mary 5,000 kila mmoja.