Friji inalia "tak": si kila mlio ni gesi

SWALI: Fundi, friji yangu inanguruma sekunde chache, inalia "tak", inanyamaza. Baada ya dakika kadhaa inaanza tena. Usiku nasikia pia kama maji yanatokota ndani. Fundi wa mtaani anasema gesi imeisha, niongeze. Nimpe kazi? – Mama Rehema, Kisauni

JIBU: Usimpe, mama. Huko kutokota ni gesi na oili vikipita kwenye mabomba. Hata friji mpya hufanya hivyo. Hiyo "tak" ndiyo shida. Kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inajaribu kuwaka, inashindwa, inavuta umeme mwingi, na kinga yake ya joto inakata. Ikipoa, inajaribu tena. Ichomoe leo, maana kila jaribio linazidi kuchoma koili za mota.

Kwanza stima ipimwe kwenye soketi wakati friji inajaribu kuwaka. Ikiwa ni dhaifu, friji haina kosa. Stima ikiwa sawa, itazamwe rilei, kile kidude cha kuwashia kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Mara nyingi ukiichomoa na kuitikisa ikalia kama kayamba, imevunjika ndani. Bei yake haikaribii ya kompresa. Rilei ikiwa nzima, hapo ndipo kompresa yenyewe ishukiwe.

Lakini gesi? Gesi ikipungua, kompresa huwaka vizuri tu, tena hukesha ikizunguka na barafu haishiki. Na nichoke kusema mara ngapi: gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Mabomba yamechomelewa, gesi ni ile ile inazunguka miaka yote. Ikipungua, pana tundu, na huku kwetu pwani hewa ya chumvi hula mabomba ya nyuma. Anayejaza bila kutafuta tundu atarudi kwako kujaza tena, na atalipwa tena.

Hatari zaidi ni friji za siku hizi zenye gesi aina ya R600a, imeandikwa kwenye kibandiko. Hiyo inashika moto, na friji nzima kwa kawaida huhitaji makumi ya gramu tu. Nimeona watu wakiwasha moto wa kuchomelea jikoni, madirisha yamefungwa, gesi ingali ndani ya bomba. Wengine humimina R134a, gesi ya aina nyingine, humo humo kwa sababu ndiyo iliyo mkobani.

Fundi yeyote akitaja gesi, muulize tundu liko wapi, mizani yake ya kupimia gesi iko wapi, na pampu ya kunyonya hewa iko wapi. Akikwambia anapima kwa mkono, mpe maji anywe, aende zake.