Maswali ya Wasomaji: Gonjwa likirudi, ibada tuiongozeje?

Safu hii inajibiwa na mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mkazi wa Chumbageni, Tanga.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, na shikamoo mzee. Mimi ni mwinjilisti, nimepangiwa mtaa mmoja upande wa Muheza. Wakati wa Korona nilikuwa bado chuoni. Januari 2025, Marburg ilipotangazwa Kagera, waumini walianza kuniuliza kama ikifika kwetu tutafunga kanisa. Mzee mmoja wa kanisa anasema kufunga ni kukosa imani, na kila akisimama anatusomea Zaburi ya 91. Mwalimu mmoja naye, muumini mzuri tu, anasema kuwakusanya watu wakati wa gonjwa ni kuwaua. Wote wawili wananitazama mimi. Nishike lipi?
– Mwinjilisti kijana, Muheza

JIBU: Amina, mwanangu, marahaba. Kwanza tafuta daftari. Kaa na wazee wako wa kanisa, andikeni majina ya watu ambao gonjwa likiingia hawatafika kanisani hata milango ikiwa wazi: bibi aliyevunjika nyonga, mwenye kisukari, mwenye pumu, mama aliyejifungua juzi, kijana aliye kwenye dawa za kifua kikuu. Hao si wachache katika mtaa wowote. Tukianza kubishana juu ya kufunga na kufungua tunawasahau, maana hawapo kwenye kikao. Mimi naamini kiongozi wa ibada wakati wa gonjwa anapimwa kwa hao.

Tukumbushane ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikafungwa na mikusanyiko ikazuiwa, lakini nyumba za ibada zikaachwa wazi. Katika nchi nyingi serikali ndiyo iliyofunga, mchungaji akawa na pa kuegemea. Kwetu mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo kila jambo la ndani likawa juu yetu: benchi likaliwe na watu wangapi, kapu la sadaka lizunguke au lisizunguke, nani aombwe abaki nyumbani, na aombwe kwa maneno gani asijione amefukuzwa. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mzee aliyeketi benchi la mbele miaka yote humwambii habari hiyo kwa tangazo. Unaenda kwake, unaketi barazani, mnazungumza.

Sasa hiyo Zaburi ya 91. Mwombe mzee wako kwa heshima afungue Mathayo sura ya 4. Ibilisi alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, alimsomea zaburi hiyohiyo ili ajitupe chini. Yesu hakuikana zaburi, ni neno la Mungu. Alimjibu kwa neno jingine: usimjaribu Bwana Mungu wako. Nimewasomea Zaburi ya 91 wagonjwa wengi na nitaendelea kuwasomea, kwa sababu ni ya mtu aliyekwisha kufikwa na hatari. Haikuandikwa ili tumsukumie mtu mwingine hatarini.

Na mwalimu wako mwambie habari za Martin Luther. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, chuo kikuu kikahamishiwa Jena, yeye akabaki. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwandikia wakiuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Aliwajibu kwamba mwenye dhamana ya watu, kama mchungaji au kiongozi wa mji, asiwaache wakiwa na shida, na yule ambaye hahitajiki anaweza kuondoka bila dhambi. Katika waraka huohuo akaandika kwamba mtu atumie dawa, afukize nyumba, na asiende mahali asipohitajika asije akamwambukiza mwenzake. Kubaki na watu na kujilinda aliviweka pamoja. Mzee wako na mwalimu wako wote wawili wangepata chao humo.

Kwa vitendo, fupisha ibada. Fanyeni ibada mbili fupi badala ya moja ndefu, na katikati madirisha yakae wazi. Matangazo, ambayo kwetu huweza kuwa marefu kuliko mahubiri, bandika ubaoni. Ibada ya nje chini ya mwembe ni nzuri, ila usiitegemee: Pasaka ya 2020 iliangukia tarehe 12 Aprili, masika yenyewe hayo, na mvua ya Tanga unaijua. Sisi tulibaki ndani, watu watatu kwa benchi. Ndoo ya koki na sabuni mlangoni, kapu la sadaka palepale. Salamu ya amani ilikuwa mkono kifuani, jambo ambalo watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa.

Jambo moja angalia sana: mnada baada ya ibada. Utashawishika kuufuta, kwa kuwa watu wanasongamana, na ni kweli wanasongamana. Lakini nazi tatu au fungu la machungwa ndiyo sadaka ya mjane asiye na fedha taslimu. Ukifuta mnada bila kumpangia njia nyingine, umemwambia sadaka yake haihitajiki. Pokea vitu mlangoni, mzee mmoja avinadi Jumatatu kwa simu au avipeleke sokoni, na Jumapili ifuatayo soma jina la mtoaji kama kawaida.

Muda uliouokoa kwa kufupisha ibada si wa kupumzika. Ni wa lile daftari. Gawa nyumba kwa wazee wa kanisa, wewe chukua zilizo mbali. Simama uani, hatua kadhaa kutoka mlangoni, barakoa usoni. Soma zaburi moja, sema jina la mgonjwa katika maombi, uliza kama kuna unga na dawa, ondoka. Anayetaka Chakula cha Bwana mwandikie mchungaji siku hiyohiyo, usingoje zamu yake ya kuja mtaani kwako. Chanjo ikija, kama ilivyozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, muuguzi aliye muumini wako asimame baada ya ibada ajibu maswali. Wewe usijifanye daktari.

Mwisho kwako, sema kweli katika maombi. Tulitangaziwa siku tatu za kuliombea taifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020, na siku tatu za shukrani kuanzia tarehe 22 Mei. Hizo za shukrani zilikuwa ngumu zaidi kuongoza, kwa sababu miongoni mwa walioketi mbele yako yupo aliyezika. Tulisoma Zaburi ya 103, lakini kabla yake tulisoma ya 88, ile inayoishia gizani, ili aliyefiwa naye awe na zaburi yake. Kisha mwanzoni mwa 2021 watu walikuwa wanakufa na kila mtu akisema tu "changamoto ya upumuaji". Januari hiyo maaskofu Wakatoliki waliandika waraka kuwaonya waumini juu ya wimbi jipya, na Machi katibu mkuu wa baraza lao, Padre Charles Kitima, akasema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili wamefariki mapadre 25 na masista 60. Nilishukuru kuwa yupo aliyesema. Mtu akiugua katika mtaa wako, familia ikikuruhusu, taja jina lake na shida yake mbele za Mungu. Waumini wakisikia jina la jirani yao watanawa mikono bila kuhimizwa.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mwaka 2021 paroko alitupunguza tukaimba wachache, na waliopunguzwa wengi hawakurudi. Wanasema walionewa, kwamba wimbo hauambukizi. Ni kweli kuimba kulikuwa hatari?
– Mwanakwaya, Ngamiani

JIBU: Milele na milele, amina. Ni kweli, mwanangu, na lipo tukio lililochunguzwa vizuri. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington kule Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61, mmoja akiwa na dalili kama za mafua. Waliougua ni 53, kwa kuhesabu waliothibitishwa kwa vipimo na wale waliodhaniwa kwa dalili, na wawili wakafa. Walikuwa wamekaa karibukaribu chumbani. Anayeimba huvuta pumzi ndefu na kuitoa kwa nguvu, na kinachotoka kinywani hubaki hewani pasipo na upepo.

Kwa hiyo paroko wako hakuwaonea. Lakini watu hawakuumizwa na kupunguzwa peke yake, waliumizwa na namna ya kuchaguliwa. Ukibakiza waimbaji bora tu, waliobaki nje wanasikia kwamba wao walikuwa wa kujaza nafasi. Panga zamu: kila Jumapili mmoja wa soprano, mmoja wa alto, mmoja wa teno, mmoja wa besi, na kila mwanakwaya apate wiki yake, hata yule anayepotea sauti kidogo. Mazoezi yawe mafupi, uwanjani, jioni upepo wa bahari ukivuma. Kayamba na ngoma hazina shida. Na nyimbo ambazo waumini wote wanazijua kwa moyo ziacheni zisomwe kama sala.

Hao ambao hawajarudi wafuate nyumbani, mmoja mmoja, wewe mwenyewe na wala si ujumbe wa kundi la simu. Usianze kwa kuwaeleza habari za Marekani. Waulize kwanza ni nani walimzika mwaka ule.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mama yangu mkubwa alizoea kusikiliza ibada redioni wakati ule na mpaka leo hataki kurudi kanisani. Ibada ya redio inahesabika?
– Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba. Inahesabika. Mungu hakuwa mbali na chumba chake. Ila Chakula cha Bwana hakipiti redioni, na redio haiwezi kumuuliza miguu inaendeleaje. Kabla hujamrudisha, chunguza kama ni woga, ni ngazi za kanisa, au ni kwamba rafiki aliyekuwa akikaa naye benchi moja hayupo tena. Mara nyingi ni hilo la mwisho. Mpelekee mama mwingine wa rika lake aende kusikiliza redio pamoja naye.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki Februari 2021 kwa shida ya kupumua. Alizikwa haraka, mwili haukuingizwa kanisani, watu wachache, hakuna kwaya. Majirani zetu Waislamu, waliokula naye na kuzika nasi miaka yote, waliambiwa wasije. Moyo wangu haujatulia. Je, alizikwa sawasawa? Naweza kuomba ibada nyingine?
– Mama wa Pongwe

JIBU: Amina, mama. Pole sana, na nasema pole hii kama mtu aliyesimama kwenye makaburi ya namna hiyo. Mumeo alizikwa sawasawa. Alipokewa na Bwana wake, na uchache wa watu haukupunguza kitu chake. Waliopungukiwa ni ninyi mliobaki, na hilo linaweza kushughulikiwa hata leo.

Usiombe azikwe upya kwa maneno. Omba ibada ya kumbukumbu, na uombe ifanyike kaburini kwanza, kisha nyumbani. Kaburini yasomwe masomo ambayo siku ile hayakusomwa, na wasifu wake usomwe wote: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alimsomesha nani. Siku ile pengine ulisomwa mistari miwili au haukusomwa kabisa. Wanakwaya wenzake wachague wimbo wenyewe.

Na waalike majirani wale. Nenda mwenyewe kwa mzee wa nyumba ya jirani, mweleze kwamba siku ile hamkupenda iwe vile. Hapa Tanga tumechimbiana makaburi bila kuulizana dini, na nadhani wao pia wana jambo walilobaki nalo tangu siku ile. Mpe mmoja wao nafasi ya kusema neno juu ya mumeo, nyumbani, wakati wa chakula.

Mwandikie mchungaji wako kupitia mzee wa kanisa wa mtaa, taja jina la marehemu na tarehe ya maziko. Omba Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mweleze mapema kwamba majirani Waislamu watakuwepo, ili chakula kipikwe na watu wao na kila mtu ale bila wasiwasi.