Gogo la hapuʻu hunywa kwa shina

Mwaka wa kwanza nusura niuue hapuʻu wangu, na maji nilikuwa naumwagilia kila jioni.

Hapuʻu ni mti wa jamii ya kangaga, asili yake visiwa vya Hawaii, mbali katikati ya Pasifiki. Wataalamu huuita Cibotium glaucum. Mimi nimekulia Lushoto, ambako makangaga marefu ya aina nyingine husimama kwenye mabonde yenye vijito, kwa hiyo nilipouona ukiuzwa hapa Oakland, California, moyo ulinienda mbio. Niliuziwa gogo tupu la futi mbili, halina jani wala mzizi. Nikalisimika juani, nikawa namwaga maji chini. Miezi mitatu, kimya.

Mama mmoja jirani, mzaliwa wa mji wa Hilo kule Hawaii, alilipapasa gogo kwa kiganja. "Kavu hili," akasema. "Linyweshe kuanzia kichwani."

Shina la hapuʻu si mbao. Ndani mna kiini chenye wanga, na nje kimezungukwa na vijizizi vilivyosongamana kama kumbi la nazi. Hapo ndipo unyevu unapokaa. Kwa hiyo lowesha shina zima, polepole, asubuhi na jioni wakati wa kiangazi. Liweke kivulini, pasipo na upepo mkali. Udongo uwe na mboji nyingi na usituamishe maji, na usilizike sana. Litoshe tu kusimama.

Langu lilipohamia kivulini, chipukizi lilitokeza, limejikunja kama mkia wa kinyonga, limevaa malaika laini ya rangi ya dhahabu. Wahawaii huyaita pulu. Karne ya 19 yalisafirishwa kwa meli hadi huku California yakajazwa kwenye mito na magodoro, kama sisi tunavyojaza sufi. Usiyang'oe, yanakinga majani machanga. Jani likikomaa ligeuze: upande wa chini una weupe unaoelekea buluu.

Jambo linaloniuma ni magogo yanayokatwa msituni. Shina hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Kule Hawaii miche ya ʻōhiʻa, mti wa asili wa misitu ya huko, huota juu ya mashina hayo. Nguruwe mwitu nao huyaangusha wale wanga, na shimo linalobaki ndani ya shina hujaa maji ya mvua, mbu wakazaliana humo, wakawaambukiza malaria ndege wa asili. Gogo langu sikuuliza lilikotoka. Siku hizi nauliza kwanza, na nikikosa jibu sinunui. Wa pili niliununua ukiwa mche ulioota kwa spora, ile vumbi ambayo kangaga huzalia badala ya mbegu, kwenye chungu. Una majani matatu.